Mkono wa Mzee Usiwe Mtupu

Umaskini wa mzee haufanani na umaskini wa kijana. Kijana asiye na kitu bado ana mgongo wa kubebea magunia sokoni, ana miguu ya kutembeza bidhaa juani, na ana miaka mbele yake ya kujaribu hiki na kile. Mtu aliyefikisha miaka 70 bila akiba, bila mafao na bila nguvu za kushika jembe hana cha kungojea isipokuwa mkono wa mwingine. Akipewa, atakula. Asipopewa, atanyamaza, kwa kuwa mzee wa heshima haombi ovyo, na ukimya huo ndio unaoficha njaa ya wazee wengi vijijini. Jirani akiona moshi hautoki jikoni kwa bibi, hudhani bibi kalala mapema.

Mfanyakazi wa mshahara hukatwa sehemu ya kipato chake kwa miaka 30 au zaidi, na akistaafu hulipwa. Tanzania ina mifuko ya namna hiyo: NSSF kwa sekta binafsi, na PSSSF kwa watumishi wa umma, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko iliyotangulia. Mjadala wa kikokotoo, yaani kiasi gani mstaafu achukue kwa mkupuo na kiasi gani alipwe mwezi hadi mwezi, umejaza magazeti na vikao vya Bunge kwa miaka. Ni mjadala wa haki kabisa, lakini unawahusu wachache. Mkulima wa mihogo, mvuvi wa ngalawa, mama lishe, fundi baiskeli, mchunga ng'ombe: hawa hawakuwahi kushika hati ya mshahara, na ndio wengi. Neno kiinua mgongo wamelisikia redioni tu, ingawa migongo iliyopinda ni yao.

Kusini na mashariki ya Unguja kuna kazi inayoonyesha jambo hili vizuri. Wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, mahali maji yanapojaa na kupwa, wakayaacha humo miezi kadhaa hadi yaoze na kulegea. Kisha huyafukua, huyaponda kwa gongo, huyaanika, na nyuzi zinazobaki huzisokota kwa viganja ziwe kamba. Vikongwe nao hufanya kazi hiyo, kwa sababu msokotaji hukaa chini, na viganja vyao huwa vigumu kama gome la mti. Kamba ya usumba iliwahi kuhitajika kwenye vyombo vya baharini na kwenye ujenzi wa nyumba. Leo kamba ya nailoni ya dukani imeichukulia soko, na bei anayopewa msokotaji hailingani na siku alizoitumikia. Mtu wa namna hii amefanya kazi tangu utotoni na hajapumzika. Takwimu za uchumi humweka katika kundi la wategemezi. Neno hilo linamkosea.

Jibu la zamani kwa uzee lilikuwa watoto. Mtu alizaa, akalea, akasomesha kadiri alivyoweza, na siku nguvu zilipomwishia watoto wakamtunza. Utaratibu huo ulifanya kazi kweli, na mahali pengi unafanya kazi hadi leo. Hakuna sababu ya kuudharau. Lakini ulijengwa juu ya vitu viwili: ardhi ya kutosha kugawana, na watoto wanaoishi karibu. Sasa shamba limegawanywa mara tatu hadi limebaki vipande, na mtoto yuko Buza au Mbagala, Dar es Salaam, katika chumba kimoja cha kupanga pamoja na mke na watoto wanne, akiuza mitumba. Anayo nia ya kutuma. Mwezi akituma elfu kumi kwa simu, mwezi unaofuata mtoto wake anaugua, anashindwa. Mama yake kijijini anajua kwamba ameshindwa, na hamlaumu. Wote wawili wanateseka kimya kimya, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Watu wengi wanaopiga kelele kwamba vijana wa siku hizi wamewatupa wazazi hawajawahi kukaa kupiga hesabu ya huyo kijana wa Buza.

Kuna mkoa mmoja ambako jibu la watoto liliporomoka mbele ya macho ya watu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata ugonjwa ulichukua watu wa umri wa kati, wale waliotakiwa kuwa nguzo. Walibaki mabibi na wajukuu. Mwanamke wa miaka 65 aliyekuwa akitazamia kutunzwa alijikuta amezika watoto wake mmoja baada ya mwingine, kisha akarudi shambani na jembe ili awalishe yatima wanne au watano. Uzee wake uligeuka kuwa ulezi wa mara ya pili, safari hii bila mume, bila nguvu na bila fedha.

Katika hali hiyo, mwaka 2003, shirika liitwalo Kwa Wazee lilianza kazi wilayani Muleba. Lilichofanya kilikuwa chepesi kueleza: kuwapa mabibi hao fedha kidogo kila mwezi, na nyongeza kwa ajili ya watoto wanaowalea, bila kuwapangia matumizi. Mwaka 2008 ilitoka tathmini ya mradi huo, na kichwa chake kilitaja vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Mtu akitaka kuelewa umaskini wa mzee, aanze na vitu hivyo vitatu.

Chumvi ndiyo ya kwanza kuombwa kwa jirani, na ndiyo ya kwanza kumtia mtu haya akiiomba mara ya nne katika wiki moja. Ndizi na maharage hutoka shambani, chumvi haioti. Sabuni nayo ina uzito ambao mtu mwenye sabuni hawezi kuuhisi. Bibi asiye na kipande cha sabuni huacha kwenda kanisani, huacha kwenda msibani, hukaa mbali na watu kwenye kikao, kwa kuogopa kwamba nguo zake zinanuka. Taratibu anatoweka katika kijiji kile kile anachoishi. Na viatu vya shule si vya kwake kabisa. Ni vya mjukuu anayerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Katika vitu vyote ambavyo mabibi wa Muleba wangeweza kununua kwa visenti hivyo, viatu vya mtoto vilimo katika orodha.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Fedha ikiingia katika mkono wa mzee haikai hapo, huendelea kwenda kwa mwingine. Waswahili wanasema mkono mtupu haulambwi, na methali hiyo mara nyingi hutumika kueleza tamaa ya watu. Kwa mzee ina maana ya ndani zaidi. Kutokuwa na kitu cha kutoa ni pigo kubwa kuliko kutokuwa na chakula cha kutosha. Babu anayeshindwa kumpa mjukuu hata peremende, bibi anayefika msibani bila shilingi mia tano ya rambirambi, huanza kujiona ameondolewa katika hesabu ya watu. Mpe fedha kidogo ya uhakika, na jambo la kwanza atakalofanya ni kurudi katika mzunguko wa kutoa na kupokea unaomfanya mtu awe ndugu, jirani na mzazi.

Ushahidi wa jambo hili hautoki Muleba peke yake. Afrika Kusini ilianzisha pensheni ya wazee mwaka 1928, lakini Waafrika hawakuhesabiwa. Waliingizwa mwaka 1944 kwa kiwango cha chini, na malipo yakasawazishwa kwa watu wa rangi zote mwaka 1993, utawala wa ubaguzi ukiwa unafikia mwisho. Ghafla nyumba nyingi maskini zikawa na mzee mwenye kipato kikubwa kuliko kijana. Mwanauchumi Esther Duflo, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, alichunguza watoto waliokuwa wakiishi na wazee hao. Aligundua kwamba pale pensheni ilipopokelewa na bibi, wajukuu wa kike walikuwa na uzito na kimo bora zaidi. Ilipopokelewa na babu, tofauti hiyo haikuonekana. Akina babu watalisikia jambo hilo wenyewe na kulitafakari. Kwa mpanga bajeti, maana yake ni kwamba pensheni ya bibi ni lishe ya mtoto pia.

Zanzibar ndiyo sehemu ya Tanzania iliyochukua hatua ya kisera. Visiwa hivyo vina historia ya serikali kubeba wazee wasio na mtu. Makao ya wazee ya Sebleni na Welezo huko Unguja yanajulikana kwa kila mwenyeji. Lakini makao hubeba wachache sana. Hata Bara, ambako yapo ya Nunge Kigamboni, Bukumbi mkoani Mwanza, Kolandoto mkoani Shinyanga na mengineyo, wazee wanaoishi humo ni tone tu. Mzee hahitaji kuhamishwa kwake ili asaidiwe. Mwezi Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii: shilingi 20,000 kila mwezi kwa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, fedha zikitoka katika mfuko wa serikali yenyewe. Zaidi ya wazee 20,000 waliingia. Hawakuulizwa kama ni maskini. Waliulizwa umri.

Na umri wenyewe ulikuwa mtihani, kwa kuwa watu waliozaliwa miaka ya 1930 na 1940 mashamba hawakuwa na vyeti. Hapo kumbukumbu ya mji hugeuka kuwa hati. Je, bibi alikuwa ameshaolewa Zama za Siasa, miaka ile ya ushindani wa vyama kabla ya Mapinduzi? Mapinduzi ya 1964 yalimkuta na watoto wangapi? Babu alisoma chuo cha Kurani na nani, na huyo mwenzake ana umri gani? Sheha, kiongozi wa mtaa, anayewajua watu wake hufika karibu na ukweli kuliko karatasi nyingi.

Siku ya malipo, katika miaka ile ya mwanzo, ilikuwa na sura yake. Wazee hukusanyika asubuhi, wanaume na kofia na bakora zao, wanawake wamejifunga kanga juu ya mabuibui, wengine wameshikwa mkono na wajukuu. Kijana aliyekaa mezani huanza na salamu kabla ya kitambulisho. "Shikamoo, bi mkubwa." "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Noti mbili za elfu kumi huhesabiwa, bibi huzitazama moja moja, kisha huzifunga fundo katika pindo la kanga. Kituo cha kwanza njiani kurudi huwa duka la mtaani, kulipa deni lililoandikwa daftarini: mchele, sukari, mafuta ya taa. Linalofuata ni jambo dogo ambalo halimo katika ripoti za fedha. Mwenye duka akishajua kwamba bibi ana fedha inayokuja kila mwezi, humkopesha bila kusitasita. Kabla ya hapo alikuwa akijifanya hamwoni.

Shilingi 20,000 zilikuwa kidogo tangu siku ya kwanza, na kadiri bei ya mchele ilivyopanda zikawa kidogo zaidi. Kwa miaka kadhaa kiwango hakikuguswa, ndipo kikapandishwa hadi 50,000. Hili ni fundisho kwa nchi yoyote inayofikiria kufuata njia hiyo: pensheni isiyopandishwa pamoja na bei hupunguzwa kila mwaka bila mtu kutangaza. Kenya imeonja jambo hilo. Mpango wake wa Inua Jamii ulipanuliwa mwaka 2018 kuwafikia wote wenye miaka 70 na zaidi, hatua kubwa kwa nchi ambayo Katiba yake ya 2010, katika kifungu cha 57, inataja haki ya wazee kuishi kwa heshima. Lakini pesa za wazee zimebaki shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa zaidi ya miaka kumi, na mara nyingi huchelewa. Kwa mtu anayeishi kwa mkopo wa dukani, fedha inayochelewa miezi miwili humvunjia heshima mbele ya mwenye duka.

Swali linaloulizwa kila mara ni hili: kwa nini mzee mwenye nyumba ya kupangisha alipwe sawa na fukara? Linaonekana swali la haki. Jibu lake liko katika kazi ya kuchambua nani maskini. Tanzania Bara ina uzoefu mkubwa wa kazi hiyo kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanza mwaka 2000, na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza mwaka 2012. Mpango huo umesaidia kaya nyingi, na wazee wengi wamo. Hata hivyo kuchambua hukosea. Mjane anaweza kuonekana ana uwezo kwa sababu nyumba yake ni ya bati, na bati hilo aliezeka mwanawe kabla hajafa. Majina yakisomwa kwenye mkutano wa kijiji, wanaoachwa hunung'unika kwamba fulani kapendelewa, na urafiki wa miaka 40 huingia doa. Isitoshe, msaada wa kaya si fedha ya mzee. Ikiingia kwa jina la kaya, bibi hubaki kuomba kwa mkwewe kama jana. Umri hauna ubishani wa namna hiyo. Na yule mwenye nyumba ya kupangisha atalipa kodi. Serikali ina njia ya kuchukua kwake ilichompa.

Hoja ya pili ni kwamba familia zitawaacha wazee zikijua serikali inalipa. Hoja hii inadhani upendo wa watoto unashikiliwa na njaa ya mzazi. Uzoefu wa Muleba na wa Afrika Kusini unaelekea upande mwingine: mzee mwenye kitu hutembelewa zaidi, huulizwa ushauri zaidi, na wajukuu hupelekwa kukaa naye.

Kuna wazee ambao kwao suala hili ni la uhai. Katika mikoa ya Usukuma, kwa miongo mingi, wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na alama iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo yamewiva kwa moshi wa kuni na samadi, kwa miaka 50 ya kupika katika nyumba isiyo na dirisha. Nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba ambalo mtu analitaka. Pensheni peke yake haiwezi kuondoa imani hiyo wala kuzuia panga. Hiyo ni kazi ya polisi, mahakama na viongozi wa dini. Lakini mjane anayeishi peke yake, asiyetegemewa na yeyote, ndiye rahisi kuonewa. Mjane ambaye mwisho wa mwezi wajukuu wanamngojea ana watu nyumbani.

Afya nayo inahusika. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, na hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Hilo ni jema. Ila mzee wa kijiji kilicho kilomita 20 kutoka hospitalini hulipa bodaboda kwenda na kurudi, na akifika mara nyingi huambiwa dawa haipo, akanunue nje. Matibabu ya bure yanaanza kuwa ya bure pale tu mzee anapokuwa na nauli.

Iliyobaki ni hoja ya uwezo wa nchi. Lesotho, nchi ndogo isiyo tajiri, ilianza kuwalipa raia wake wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2004. Nchi changa zina nafuu moja: wazee wake bado ni wachache. Tanzania zaidi ya asilimia 40 ya watu ni watoto wa chini ya miaka 15, na waliovuka miaka 70 ni sehemu ndogo sana. Kuanza sasa, wakiwa wachache, ni rahisi kuliko kuanza miaka 30 ijayo. Uganda, iliyoona umri wa chini ungeielemea, iliupeleka mpango wake nchi nzima kwa wenye miaka 80 na zaidi, shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi. Makosa ya utekelezaji yapo pia: vidole vilivyosagwa na jembe havisomeki kwenye mashine ya alama za vidole, na mzee hurudishwa nyumbani kwa kosa la kuwa amefanya kazi sana. Hilo hutatuliwa kwa kuweka mtu anayemjua mzee pembeni ya mashine.

Boti kutoka Dar es Salaam hufika Unguja kwa saa mbili hivi. Upande mmoja wa maji hayo mtu akifikisha miaka 70 ana pensheni yake, awe aliwahi kuajiriwa au hakuajiriwa. Upande wa pili, mkulima mwenzake wa umri ule ule, raia wa nchi ile ile, hana. Ustawi wa jamii si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar iliamua yake na Bara ina uhuru kamili wa kuamua yake. Kama miaka 70 ni mizito kwa hazina, wabunge na waanze na 80: kila mzee, bila dodoso, kwa jina lake mwenyewe. Wenye umri huo hawana muda wa kungoja mchakato mrefu.